Sahani ya Bati

Tabibu wa Kihindi alichota mafuta ya mwarobaini kwa kiganja, akausugua mkono wa Tekla mpaka magamba meupe yakamganda vidoleni. Kisha, bila kunawa, akaokota bagia aliyoiacha kwenye kisahani, akaitia kinywani.

Tekla akaduwaa. "Bwana tabibu, huogopi?"

"Niogope nini, mama? Huu si ukoma, hauambukizi. Nilimweleza bwana wako siku ile ya kwanza, wewe ukiwa umekaa nje. Akanishukuru sana."

Siku ile, njiani kurudi Chang'ombe, mumewe alimwambia mengine. Kwamba tabibu amekataza wasilale chumba kimoja wala wasile sahani moja. Kwamba mtoto aachishwe ziwa, apelekwe Bukoba kwa shangazi yake. Tekla mwenyewe ndiye aliyemfunga mwanawe mgongoni kwa wifi yake, maziwa yakimchuruzika, na hakuthubutu hata kumbusu.

Sasa hakungoja tabibu amfungie unga wa dawa. Aliondoka na mkono wake vilevile, unang'aa mafuta.

Alimkuta mumewe mezani, amekunja mikono ya shati, wali wa kupikiwa na jirani unafuka mbele yake. Sahani ya bati ya Tekla ilikuwa sakafuni karibu na mlango, mahali pake pa kila siku.

"Umechelewa. Tabibu kasemaje?"

Tekla akaipita sahani ya bati. Akavuta kiti, akakaa, akauzamisha mkono ule katika wali wa mumewe, akafinyanga tonge, akamsogezea mdomoni.

"Fungua," alisema. "Tabibu anakusalimu."