Vitambaa vya Bi Mgeni

Siku ya tisa tangu mtoto azaliwe, Bi Mgeni alikaza tena vitambaa alivyomfungia mjukuu wake miguu kwenye vijiti, ili nyayo zilizozaliwa zimegeukia ndani zinyooke. Mtoto alilia sana, kisha akanyamaza. Siwema, mama yake, alitazama vidole vya miguu, akaona vimekuwa rangi ya zambarau mbivu.

"Mama, nesi alisema wiki hii apelekwe hospitali akafungwe plasta."

"Huyo nesi wako kazaa wangapi? Mtoto hatoki kabla ya arobaini. Ukivuka kizingiti naye, usirudi."

Siwema alichukua wembe, akakata vitambaa kimoja kimoja mbele ya mkwewe, akambeba mtoto, akatoka. Nyuma yake alisikia komeo likisukumwa. Akasimama juani, akavipuliza vile vidole vidogo, akingoja rangi irudi.