Vidonge vya Opal na Leseni ya Madalali

Kamishna wa bima wa Arkansas alikuwa ameshashika kalamu asaini leseni ya madalali wa dawa za bima, wale wanaomwamulia mgonjwa achukue dawa wapi, ndipo akaniuliza mimi niliyekuja kuwapinga, "Mzee mfamasia, wamekudhuru nini?"

"Wamemlazimisha mteja wangu Opal apokee vidonge vya presha kwa posta! Miaka ishirini nilimhesabia tano tano, polepole, nikikosea makusudi ili akae pale kaunta. Sasa anapelekewa na tarishi wa kaptula, magoti yanang'aa kama taa za treni!"

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Babu, hayo ni madhara au wivu?" Kamishna akauliza.

"Wivu, Mheshimiwa. Na presha imenihamia mimi."

Nyuma yangu Opal akainuka, akapanga mezani chupa tatu za vidonge ambazo hazijafunguliwa.

"Miezi mitatu sijameza hata kimoja," akasema. "Tarishi hajui kuhesabu."

Kamishna akaifunika kalamu.