Vibarua wa Daraja

Bi Mwanaidi, mkutubi wa mji, alikuwa mkali kama pilipili mtu akikunja hata ncha ya ukurasa. Kitabu alichokisifia kwa kila msomaji kilikuwa historia ya daraja lao. "Kisome," alizoea kusema, "utasikia hata nyundo zikigonga."

Asubuhi hiyo Mama Chausiku, bibi muuza vitumbua, alikirudisha akiwa amekifungua kwenye picha ya wanawake waliojitwika mawe. Chini yake paliandikwa neno moja tu: Vibarua.

"Huyu wa mbele, mwenye kovu shavuni, ni mamangu. Anaitwa Mboni. Nipe kalamu, mwanangu."

"Mama, kitabu cha maktaba hakiandikwi."

"Hiki wamekiandika nusu. Mimi nakimalizia."

Hakubanduka. Bi Mwanaidi aliitazama picha aliyoipita miaka yote bila kujiuliza jina la mtu. Akatoa kalamu yake mwenyewe. Mama Chausiku akaliandika jina la mama yake polepole, mkono kaukaza.

Alipoondoka, Bi Mwanaidi alikibeba kitabu hadi kwenye meza ya barazani, akakiacha wazi pale pale penye picha, kalamu kando.

Mwanamke aliyekuwa akipita na kapu la mchicha kichwani akasimama, akaitazama picha. Kisha akalitua kapu, akaichukua kalamu.