Mkono wa Kuchinja

Kondoo alikuwa akitetemeka mapajani mwa Omondi, sufu imelowa mvua ya siku mbili. Jangwa lote nje ya Doha lilikuwa matope na upepo wa baridi, na kisu kilikuwa tayari mkononi.

Bosi, mwenye kundi alilochunga Omondi, alishaapa: kondoo mmoja akifa kibudu, bila kuchinjwa, hasaini karatasi yake ya kutoka nchini. Na mama yake Omondi alikuwa amelazwa Kisumu, akimuulizia yeye tu.

Akampigia simu rafiki yake Mwislamu, dereva wa kutoka Tanga aliyekaa mtaa wa Najma mjini, ambaye wote walimwita Mtanga. Chumba cha dereva kilijaa watu kama kawaida, wakicheka.

"Njoo umchinje, ndugu yangu. Anakata roho."

"Kwani wewe huna mikono?"

"Mimi ni Mkristo, bana. Ushawahi kuona Mjaluo akichinjia Waislamu?"

Kule vicheko vikakoma. "Kweli. Usimguse, utamharamisha. Nakuja."

Omondi akaweka kisu chini. Akavua koti akamfunika kondoo, akampulizia pumzi ya moto puani. Mtetemeko ukapungua, akafurahi. Kisha ukaisha kabisa, na ulimi ukabaki nje, wa buluu.

Gari la kwanza kufika lilikuwa la bosi. Mzee akaigusa ile shingo isiyokatwa, akaona kisu kisafi.

"Mbona hukuchinja?" akauliza kwa Kiarabu.

"Mimi Mkristo, baba."

Mzee akamkazia macho. "Mkristo akisema bismillahi akachinja, sisi tunakula. Nani kakwambia hatuli?"

Mbali kwenye matope, gari la Mtanga lilikuwa likija mbio, likipiga honi ili Omondi asikate tamaa.