Dirisha la Bi Mwantumu

Sheria ilitaka kila mfugaji wa ndege apimwe damu. Bi Mwantumu alikutwa na jeni ya mapafu yasiyostahimili vumbi la manyoya, basi njiwa wake wakapelekwa Muheza kwa mfugaji aliyeruhusiwa, na nyumbani kwake pakawekwa mtambo unaopima hewa na kusema, na chumbani dirisha linalojifunga lenyewe ndege wakikaribia.

Lakini njiwa wale hawakusahau kwao. Kila jioni walirudi Tanga. Dirisha likijifunga, Bi Mwantumu alijua wamefika. Aliacha chungu jikoni, akavuta kigoda, akakaa nao uso kwa uso, kioo katikati.

"Wanakuja bado?" mwanawe Shekue aliuliza kwenye simu. "Nitamwambia yule bwana wa Muheza awapunguze mbawa. Mama, si unapumua vizuri?"

"Napumua, baba."

Jioni moja dirisha halikujifunga. Upepo uliingia ukapeperusha pazia mpaka kitandani. Alingoja. Giza likaanza kuingia.

"Hewa ni safi," nyumba ikamwambia kwa upole.

Bi Mwantumu aliinuka, akalifunga dirisha kwa mkono wake mwenyewe, kisha akavuta kigoda, akakaa.