Jogoo wa Mguu Mmoja

Huyu alikuwa fundi wa saba, na wa mwisho Gitega nzima. Happy aliitua saa mezani pake bila hata salamu, kisha aibu ikamshika.

"Shikamoo, mzee. Nimetoka Gashoho, kule Muyinga. Namtafuta aliyeitengeneza saa hii."

Mzee Ilyasi, fundi wa saa na sonara, alivaa miwani. Ganda la saa lilikuwa la fedha, halina hata mwanya. Wale mafundi sita walilichokonoa kwa bisibisi wakashindwa, mpaka Happy alipowaonyesha pa kubonyeza. Huyu alilibonyeza ubavuni kwa kidole gumba, likafunguka.

Ndani ya kifuniko alichorwa jogoo wa mguu mmoja, mdogo kama punje ya mchele, na tarehe pembeni. Ndivyo walivyofanya mafundi wa zamani: kila ukiifungua saa ya mtu, unachora alama yako na siku.

"Hiyo ni alama ya baba yangu," Happy alisema. "Mama alikimbia vita akiwa na mimba yangu, nikazaliwa kambini Tanzania. Mwezi uliopita tumemzika. Sasa wajomba wananifukuza shambani. Nenda kwa baba yako, wanasema. Mzee, mimi sina pengine pa kwenda."

Nyuma ya fundi, mkewe Zaituni aliacha kumimina chai.

"Mama yako," Ilyasi aliuliza polepole, "aliumwa sana?"

"Sana."

"Pole, binti. Huyo fundi mi nilimujua. Alikufa, siku mingi. Tulimuzika hapa hapa."

Happy akalia mbele za watu, bila kujificha uso. Maskini, safari yote ile kwa habari ya kaburi. Mzee akaiinamia saa, maana ilikuwa imesimama. Akaisafisha, akaitia mafuta, mkono ukifanya kazi wenyewe, kichwa kiko mbali. Ilipoanza kulia akaifunga, akamrudishia bila kumtazama.

"Allez, binti," Zaituni alisema. "Gari ya Muyinga itakuacha."

Jioni, Gashoho, Happy alikuta mkeka wake umetupwa nje na mlango umefungwa. Akaketi juu ya mkeka, akaibonyeza saa ubavuni ili amuage baba yake.

Chini ya jogoo wa zamani palikuwa na jogoo mwingine wa mguu mmoja, anang'aa, na tarehe ya leo.