Galoni Moja Mpaka Mlalo

Pikipiki ya kijiji ilirudi ikisukumwa. Ilikuwa mara ya nne. Timotheo, bwana shamba, aliiingiza kwenye uwanja wa ofisi, jasho likimtiririka kama mtu aliyetoka kulima heka mbili, kitu ambacho Mwenyekiti Nathanaeli hakuwahi kumwona akikifanya.

"Imekauka tena?"

"Imekauka, Ndugu Mwenyekiti. Kona ya pili, nikirudi."

Pikipiki ilipoletwa mara ya kwanza, kwa ngoma na hotuba tatu, galoni moja ilimpeleka Timotheo Mlalo, ikamrudisha, na kesho yake ikampeleka Lushoto kuulizia mbegu ambazo hazijaja mpaka leo. Mwaka uliofuata galoni ilitosha Mlalo na kurudi, ila Lushoto haikufika tena. Sasa, wiki ya sita hii, ilifika Mlalo, ikageuka, ikafia njiani.

Wilayani wakaandika barua: ulafi huo usipokoma mwisho wa mwezi, pikipiki itapewa watu wa Magoma, kule chini kusiko na milima, na Timotheo ataifuata hukohuko kwenye mbu.

Kamati ikakaa. Ilikuwa kamati hodari sana kwa kukaa. Fundi Ramadhani akaitwa kutoka Lushoto, akafungua kabureta, akasugua plagi, akajaza matairi upepo.

"Pikipiki ni kama mtu, mghoshi," alimwambia Mwenyekiti, akimwita mzee kwa Kisambaa. "Ikizeeka inakula zaidi na kazi inafanya kidogo."

Wajumbe walimtazama Mwenyekiti, kisha wakatazama chini.

"Na mpandaji je?" Nathanaeli aliuliza.

"Mpandaji akivuta mafuta kama anafukuzwa na nyuki, aking'ang'ania gia ndogo hata tambarare, itakunywa. Lakini huyu nimemwona. Mteremko wote anazima injini, anateleza kimya kama mgeni asiyetaka kuaga. Ubovu wa kumaliza galoni mimi siuoni."

Basi ni wizi. Nathanaeli alilijua hilo tangu mwanzo. Mwanamume wa miaka thelathini na mitano, hajaoa, ana pikipiki: petroli inakwenda kwa mwanamke. Kilichobaki ni kumjua huyo mwanamke.

Alianzia stoo. Pipa la petroli lilikaa humo, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Raheli, mjane wa marehemu kaka yake. Kamati ilimchagua kwa sauti moja, maana hata kanisani huimba amefumba macho, na miaka mitatu tangu afiwe hakuna aliyemwona amesimama na mwanamume njiani. Hilo Nathanaeli alilisimamia mwenyewe. Urithi wa kaka yake aliuchukua polepole, bila pupa: kwanza koti, kisha shamba la kahawa. Vilibaki vitu viwili tu. Kimoja kilikuwa jiwe bapa la kusagia ugoro, alilolitamani tangu utotoni. Cha pili kilikuwa Raheli.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Hiyo galoni unapima sawasawa?"

"Najaza kopo mpaka mdomoni, shemeji, hadi linamwagika. Mungu ananiona."

Mungu peke yake ndiye aliyeweza, maana stoo ilikuwa giza. Taa ilipigwa marufuku karibu na petroli, kwa amri ya Mwenyekiti.

"Na lile jiwe la marehemu?"

"Lipo, shemeji. Mahali salama."

"Na lile jambo letu?"

"Bado naliombea."

Nathanaeli akatazama kitambaa cheupe kichwani mwa Raheli, na hapo akili ikamjia. Ni nani angethubutu kwenda kwa hawara huku amembeba Raheli?

"Mimi?" Raheli alishtuka mpaka ufunguo ukacheza kifuani. "Nikae nyuma ya mwanamume mchana kweupe? Watu watasemaje?"

"Watasema ni amri ya kijiji."

"Basi niandikie, shemeji. Kwa muhuri."

Akaandika. Muhuri akaugonga mara mbili, ili wa kwanza usijisikie mpweke.

Jumatano Raheli alipima galoni, akafunga kopo lake kwenye kanga lisiguswe na mtu, akapanda. Alikaa upande, kitabu cha nyimbo mkononi, uso kama aliyenyweshwa dawa ya minyoo. Wakaenda Mlalo, wakarudi. Fundi alipochovya kijiti kwenye tangi kilitoka kimelowa nusu nzima.

"Imebeba wawili na imekula kidogo kuliko ikibeba mmoja!" Ramadhani alikitazama kile kijiti kama nyoka. "Tangu nizaliwe sijaiona hii."

"Dawa si spana," alisema Nathanaeli. "Dawa ni macho ya mcha Mungu."

Makofi yakapigwa. Ikaamuliwa kwamba Raheli asafiri na pikipiki kila inapotoka, bila kukosa. Wilayani wakajibiwa, na pikipiki ikabaki. Timotheo alisikiliza hukumu hiyo ameinamisha kichwa kama mwizi aliyeshikwa, na Nathanaeli akalala usingizi mzuri mwezi mzima.

Jumamosi moja Raheli na Timotheo waliondoka alfajiri. Saa sita mchana, Nathanaeli alipoona kimya, akaenda stoo. Ufunguo ulikuwa umeachwa kwenye kufuli. Ndani, juu ya pipa, lilikaa jiwe la ugoro la kaka yake, linanuka petroli, limekandamiza karatasi. Akaitoa nje kwenye mwanga.

"Shemeji, shikamoo. Jiwe lako hilo, lilienea barabara kwenye kitako cha kopo, likakalia nafasi ya petroli mpaka ile Jumatano nilipolitoa. Petroli haikuibwa hata tone, yote imo pipani. Mchungaji wa Mlalo ametutangaza Jumapili tatu, mimi na Timotheo, na leo saa nane anatufungisha ndoa. Karibu sana, ila njoo kwa miguu, mafuta ya kijiji yasipotee."